Risasi za Rugaibula wa Kimwani

Rugaibula alijifunza kusubu risasi akiwa kijana, katika ghala la silaha la Wajerumani pale Bukoba. Waingereza walipoichukua nchi, walimwachia bunduki moja kuukuu ya kufyatua risasi moja moja, pamoja na karatasi yenye mhuri, ili afukuze mbogo waliokuwa wakivamia mashamba ya Kimwani. Risasi za bunduki ile hazikuuzwa tena. Akazitengeneza mwenyewe.

Kwa miaka zaidi ya ishirini aliyeyusha vipande vya madini ya risasi kwenye kikaango cha chuma, akaengua takataka, akamimina katika kalibu. Za kwanza zilitoka na makunyanzi kwa kuwa kalibu ilikuwa bado baridi. Alizirudisha motoni bila kununa. Zilizotoka laini alizipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe. Mkewe, Kokwijuka, aliosha maganda ya shaba ya risasi zilizokwisha kupigwa kwa maji ya moto, maana masizi ya baruti hula shaba. Kisha Rugaibula alipachika fataki, kile kifuniko kidogo cha kuwashia baruti, kitakoni mwa ganda, akajaza baruti, akashindilia risasi juu.

Mwaka 1942 fataki zilimwishia. Alitembea siku tatu mpaka Bukoba.

"Baruti ninayo kidogo, mzee," mwenye duka alimwambia. "Fataki hakuna. Meli haziji. Vita."

Akanunua viberiti. Nyumbani alinyoosha fataki zilizotumika, akazijaza unga wa vichwa vya njiti. Alijaribu nne, mbili zikawaka.

"Na ikikataa mbele ya mbogo?" Kokwijuka aliuliza.

"Nitakimbia."

"Kwa goti hilo?"

Mdogo wake Kokwijuka, Nathanieli, alikuwa amekuja kuwasalimu kutoka Nshamba. Akachukua mkuki uliokuwa ukutani. "Nitakuwa nyuma yako, shemeji."

Kulipopambazuka walimkuta mbogo dume katikati ya migomba. Rugaibula alilenga bega, akafyatua. Kikasikika kishindo kidogo cha chuma, basi. Alijua kwamba fataki mbovu huweza kuchelewa, na kwamba bunduki haishushwi upesi. Akangoja. Mbogo akainua kichwa. Rugaibula akaishusha bunduki ili abadili ganda, na hapo ndipo ilipolia. Risasi ilimpiga mbogo mguuni.

Mbogo alikuja. Rugaibula aliwahi kutia risasi ya pili, akafyatua, haikuwaka kabisa. Nathanieli akampita mbio akiwa na mkuki, akajitia kati, mbogo akamchoma pembe.

Wanaume wa jirani walikuja mbio, wakammaliza mbogo kwa mikuki. Nathanieli alilazwa juu ya majani ya migomba, akafa kabla ya adhuhuri. Nyama ya mbogo ililiwa matangani. Rugaibula hakuigusa.

Kokwijuka hakumlaumu.

Baada ya mazishi Rugaibula aliirudisha bunduki kwenye ofisi ya serikali Bukoba.

"Sababu ya kuirudisha?" karani aliuliza, kalamu mkononi.

"Haina fataki," Rugaibula akasema. Karani akaandika hivyo.

Mbogo waliendelea kuja. Kabla ya masika kibanja chote cha migomba kilikuwa kimekanyagwa, na majirani wawili walikuwa wamekwisha kuhama. Rugaibula na Kokwijuka wakahamia Nshamba, kwenye nyumba ya marehemu, kwani mjane wake, Anatolia, alikuwa na watoto wadogo na kahawa isiyo na mtu wa kuihudumia.

Anatolia hakumfukuza. Kila jioni alimwekea chakula kizingitini, akageuka kabla Rugaibula hajanawa. Miaka miwili ilipita hivyo. Asubuhi moja Rugaibula alijikaza, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Anatolia, mwanangu, nilitaka kukuambia jambo kuhusu siku ile."

Anatolia alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua macho.

"Kahawa ya upande wa juu haijapaliliwa," alisema.

Rugaibula akachukua jembe, akaenda.