Nukta Iliyosimama Ziwani

Fundi wa simu aliniapia kwamba binti yangu hatajua. Alipachika programu ya kumfuatilia kwenye simu ya mtoto, na kuanzia siku hiyo nikawa naiona kwenye simu yangu nukta ya buluu ikienda shule na kurudi kwetu Majengo. Nilikuwa nimeshakimbia waasi mara mbili, na mara moja tulipotezana na mama yangu kule Kibumba kwa siku tatu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Jioni nilimuuliza, "Umetoka wapi?" huku jibu nikiwa nalo mfukoni. Kwa miezi minne hakunidanganya hata mara moja, na bado sikuiondoa programu ile.

Kisha volkano ikalipuka, umeme ukakatika na ardhi ikaanza kutetemeka kila baada ya dakika chache. Tulipatana: serikali ikituamuru kuhama, angenisubiri kwenye mlango wa kanisa la mtaani kwetu, hata iweje.

Amri ilitangazwa redioni asubuhi, nikiwa kwa dada yangu upande mwingine wa mji. Nilitazama simu. Nukta ilikuwa Kituku, kwenye bandari ya mashua kando ya ziwa. Nilipiga, ikalia mpaka ikachoka. Nilikasirika: kumbe ameamua kupanda mashua bila mimi! Nikashuka Kituku mbio.

Nilipofika, mashua ilikuwa imeondoka, na nukta ilikuwa juu ya maji. Ilisogea polepole, ikasimama katikati ya ziwa. Nilitazama kule nukta ilikoonyesha. Sikuona mashua wala mtu; ukungu wa majivu ulikuwa umelifunika ziwa, jeupe, tulivu kabisa. Nikapiga tena. Mahali fulani simu ya mwanangu ilikuwa inalia. Halafu nukta ikazimika, nami nikapiga kelele nikimwita mwanangu mpaka mama mmoja muuza samaki akanishika mkono.

"Mama, na mutoto mulisikilizana kukutana wapi?"

"Kanisani."

"Na huko uliisha kuangalia?"

Nilimchukia mama yule kwa kuuliza vile. Sikuwa nimeangalia.

Majengo ilikuwa tupu. Milango ilikuwa wazi, redio moja ikisema peke yake ndani ya nyumba. Mbwa walikuwa wamelala katikati ya barabara na hawakuniinukia. Ardhi ilitikisika, mabati yakalia mtaa mzima, na sikusikia sauti ya mtu hata mmoja. Binti yangu alikuwa kwenye ngazi ya kanisa, na mafurushi mawili, peke yake. Nilimkimbilia.

"Batu bote waliniambia twende," alisema. "Nikakatala. Ulitokea wapi, mama?"

"Kituku. Nilikuwa nakutafuta."

"Telefone niliiacha jana kwa ule papa mwenye kuchajia batu telefone. Pengine alikimbia nazo zote na mashua." Akanitazama. "Lakini nani alikuambia niko Kituku?"

Niliificha simu yangu mfukoni, naye akaiona. Nilikuwa na uwongo mwingi tayari, na hata mmoja haukutoka. Akainama, akabeba furushi moja na kuniachia jingine.

Tulitembea hadi mji jirani wa Sake katikati ya umati, yeye akiwa hatua mbili mbele yangu. Kila nilipomwita aligeuka na kuitika vizuri, kwa heshima, jinsi mtoto anavyomwitikia mama wa mtu mwingine.