Alibahatika Kupata Watoto Sita

Katika ukoo wetu mimi ndiye mwandishi wa marehemu. Hakuna aliyenichagua, nilijua kuchapa, basi. Nafanya kazi katika ofisi moja hapa Dodoma, barua na mihtasari ya vikao, na akifa mtu tu simu inaita: andaa wasifu. Mfano wake ninao kwenye kompyuta. Nabadilisha majina na miaka, kisha nasimama mbele ya waombolezaji nasoma. Marehemu alizaliwa, alifunga ndoa, alibahatika kupata watoto kadhaa, aliugua, mauti yakamfika. Kwa karatasi zangu, watu wote wa kwetu wameishi maisha yaleyale.

Bibi yangu mzaa mama alipoanza kuvimba miguu, mjomba alimtoa kijijini Haneti akamleta kwake Mkonze, hapa mjini, awe karibu na hospitali. Mjomba ndiye mkubwa wa watoto wake sita. Haukupita mwezi akanipigia.

"Nenda kaongee na bibi yako, uchukue historia mapema. Siku ikifika tusianze kuulizana."

Nikaona huyu ni mtu mwenye mipango. Nikamsifu, tena kwa moyo mweupe.

Jumamosi nikatoka kwangu Chang'ombe, hapahapa Dodoma, na daftari. Bibi alikuwa uani kwenye mkeka, anachambua mlenda mkavu kwenye ungo, anatoa vijiti. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akanisalimu upya kwa Kigogo, kwa sababu kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya kwenda nayo sokoni. Nikamdanganya kwamba naandika kumbukumbu za familia. Akalitazama daftari.

"Ndiyo ile mnasomaga kwenye turubai?"

Nikalifunika daftari kwa kiganja.

"Soma nisikie ulivyoniweka."

Nilikuwa nimeshaujaza ule mfano nusu. Nikasoma, huku nikiona aibu. Nilipofika penye "alibahatika kupata watoto sita", akaweka ungo chini.

"Futa hapo. Nani kabahatika?"

"Ndivyo inavyoandikwa, bibi."

"Watoto ni saba. Na huyo wa kwanza sikubahatika naye. Nilimtoa."

Akauchukua tena ungo, akanisimulia bila kuinua macho. Ulikuwa mwaka wa njaa. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili, ng'ombe wamekwisha, babu ameondoka kutafuta kibarua na habari zake hazijulikani. Bibi alikuwa na binti wa miaka minne na mtoto wa kiume mgongoni, na maziwa yalikuwa yamemkauka. Akatembea siku nne mpaka kwenye vilima vya Kondoa, nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu ambaye mkewe hakujaliwa mtoto. Akamwacha binti pale. Akarudi na debe la uwele kichwani.

"Tulikubaliana nimfuate tukishavuna," alisema. "Tukavuna, nikaenda. Nikamkuta anacheza mlangoni, kanenepa, kavaa gauni. Nikamwita jina lake, hakugeuka. Walishampa jina lingine. Nikamwita tena, akakimbia kujificha nyuma ya yule mama."

"Ukafanyaje?"

"Nikaomba maji, nikanywa, nikarudi."

Babu aliporejea aliambiwa mtoto alikufa na njaa. Yule wa mgongoni, aliyekuzwa na uwele ule, ndiye mjomba. Bibi alimwambia ukweli siku alipooa, na mjomba akamwomba asiurudie tena.

Akanitajia jina la binti. Nikaliandika. Akanitaka nilisome, nikalisoma, akanitaka nirudie kwa kuwa nililitamka kizungu. Nina miaka arobaini na mbili, nimemjua bibi miaka yote hiyo, na kila nilipomtembelea nilimuuliza habari za miguu tu.

Mwenye duka la nafaka jirani yangu, kwao ni vilima vilevile vya Kondoa. Nikampa jina la kijiji na la yule mfanyabiashara, na wiki mbili baadaye akaniletea namba ya simu. Yule binti wa miaka minne alikuwa hai, sasa ni bibi wa watu, ana wajukuu. Nikakimbilia Mkonze nikidhani nimebeba furaha. Bibi akakataa.

"Nimtazame kwa macho gani? Ataniuliza, nami jibu sina. Nikishalala, mtaje mbele ya watu. Mtaje wa kwanza, kwa jina nililompa mimi. Hapo sitakuwepo wa kutazamwa."

"Nitamtaja, bibi."

Tangu siku hiyo kila nikienda swali lilikuwa hilohilo: "Umemwandika?" Nami najibu nimemwandika, na kweli nilikuwa nimemwandika. Ile "alibahatika" niliifuta pia. Nikaweka "alizaa".

Alifariki kabla ya mvua za kwanza. Siku hiyohiyo nikampigia yule mama yangu mkubwa wa Kondoa. Nilimweleza yote mwanzo hadi mwisho, kwa pupa, kama mtu anayetua mzigo. Kisha akauliza jina lake la mwanzo lilikuwa nani. Nikamwambia. Akalirudia taratibu, mara tatu.

"Nitakuja," alisema. "Nije nilisikie likisomwa."

Asubuhi ya maziko mjomba akaitaka karatasi aipitie. Tulisimama nyuma ya nyumba, kina mama wakimimina chai upande wa pili. Akasoma, akatoa kalamu mfukoni, akapitisha mstari juu ya jina, akabadilisha saba kuwa sita. Nikamwambia bibi mwenyewe ndiye aliyetaka, na kwamba mwenye jina yuko njiani anakuja.

"Unataka watu waondoke hapa wanasema nililishwa dada yangu?"

Akageuza uso ukutani, karatasi bado mkononi. Nilikuwa sijawahi kumwona mjomba akilia, na sikutaka kumwona. Nilikuwa na la kumjibu. Ningemwambia hakuna anayemlaumu mtoto wa mgongoni. Lakini ofisini nimezoea: mkubwa akikata sentensi, sentensi imekatika, kazi yangu ni kuchapa upya. Nikapokea karatasi, nikaitika, "Sawa, mjomba." Sijawahi kujidharau vile.

Nikasimama chini ya turubai nikasoma. Ulimi wangu, kwa mazoea, ukairudisha na ile "alibahatika" ambayo hata haikuwepo. Alibahatika kupata watoto sita. Nilisoma nikiwa nimeinamisha kichwa, nisione kama kuna mgeni aliyevaa baibui.

Alinijia baada ya maziko, watu wakinawa mikono. Nilimtambua kabla hajasema kitu, kwa vile alivyosimama, mkono mmoja kiunoni, bibi mwenyewe. Nikamwamkia, akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, nilikwenda kuswali adhuhuri hapo kwa jirani. Narudi nakuta mmeshasoma. Ulinitaja?"

Nikamwangalia. Alikuwa ametoka kwake alfajiri.

"Nilikutaja, mama mkubwa."

"Wa kwanza?"

"Wa kwanza kabisa."

"Na watu walisikia?"

"Walisikia."

Akasema alhamdulillahi, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akaomba ile karatasi, akawaonyeshe wanawe. Nikasema amebaki nayo mchungaji aliyeongoza ibada.

Sasa ananipigia kila Ijumaa. Ananiuliza habari za kazi, habari za watoto, halafu anauliza kama mchungaji amesharudisha. Namwambia bado. Haniulizi kwa nini. Anasema hakuna haraka, na mimi nazidi kukasirika, kwa sababu laiti angenigombeza ningemwambia ukweli.

Karatasi ninayo, kwenye droo ya ofisini. Mstari wa mjomba umepita katikati ya jina, lakini linasomeka vizuri. Kulichapa upya ni kazi ya dakika mbili. Mjomba bado yupo hai, naye husoma kila ninachoandika. Ndiyo maana hata hapa jina hilo sikuliandika.