Daftari Langu la Makosa ya Kolwezi

Acheni niseme mwenyewe, kabla watu wa mtaa wetu wa Kamatanda hawajawaambia.

Miaka ile simu za Likasi zilikuwa zimekufa, tukabaki na phonie, ile redio ya kubonyeza na kuachia. Ukibonyeza kitufe cha kipaza sauti unasema, ukiachia unasikia. Ukimaliza unasema "à vous", yaani zamu yako, mwenzako anajibu. Mimi, opereta wa Likasi, nilipewa pia kazi ya kuandika makosa ya kila opereta. Nilivimba kichwa, jamani!

Asubuhi moja Mama Ngoie aliingia mbio. Binti yake alikuwa anajifungua Kolwezi. Nikaita Kolwezi, nikauliza habari, nikasema "à vous", nikaweka kipaza sauti mezani na daftari langu zito juu yake. Kimya.

"Habajibu?" Mama aliuliza.

"Mama, ule opérateur wa Kolwezi haiko na akili. Hajue kazi!"

Nikaandika: kosa la kwanza, hajibu. La pili, bado hajibu. Foleni nzima ya waliongoja zamu ya redio ilicheka, nami nikanogewa, nikaiga sauti ya puani ya yule opereta wa Kolwezi na kumwita bata kwa mwendo wake.

Nikainua daftari niandike la tatu. Redio ikalipuka:

"Likasi! Mwishowe umeachia bouton! Katanga yote inakusikia weye tu. Mama Ngoie, ni mapasa, batoto babili, bote bazima! Na ule bata wa Kolwezi ni miye. À vous!"

Mama alipiga vigelegele, kisha akanisukumia kipaza sauti.

"Jibu, baba. Bamesema à vous."