Kitabu cha Wageni cha Mwalimu Idrisa

Siku tisa baada ya kumzika Mwalimu Idrisa, mtu aliingia kwenye tovuti yake na kuandika neno moja.

Neno hilo lilikuwa limeshaletwa mara nne mwalimu akiwa hai.

Mara zote nne nililifuta mimi.

Naitwa Dorothea. Baba yangu alikuwa mpima mvua huko Amani, kwenye kituo cha utafiti. Alinifundisha kuandika kilichomo kwenye chombo, si ninachotamani kiwemo. Nitasimulia hivyo hivyo.

Mwaka 2003 shirika nililokuwa mkutubi wake lilibinafsishwa. Tulipewa barua, tukaambiwa asanteni. Nikaja Lushoto, nikapanga chumba karibu na stendi, nikaweka kompyuta tatu na bango: TUNATENGENEZA TOVUTI ZA WAANDISHI.

Watu walinicheka.

"Dada, huku tunalima kabichi. Hao waandishi utawachimba wapi?"

Walikuwepo. Mashirika yaliyokuwa yakichapisha hadithi yalikuwa yamekufa, na wachapishaji wapya walitaka vitabu vya shule tu. Milimani kote kulikuwa na walimu wastaafu wenye miswada ndani ya masanduku.

Mwalimu Idrisa alitoka Vuga. Aliingia Machi 2005, madaftari manane ndani ya mfuko wa rambo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Eti unaweza kunifanya nisomwe mpaka Ulaya?"

"Popote penye mtandao."

"Ulaya sina shida nayo. Mwanza je?"

"Mwanza pia."

Akavuta kiti, akakaa.

Nilikuwa na fomu ya kujaza. Jina. Wasifu. Picha. Rangi anayopenda. Alijibu yote kwa utii wa mtu aliyewahi kusimamia mitihani. Kisha akauliza la kwake.

"Hii nyumba yangu ina mlango?"

"Ina anwani, mwalimu."

"Anwani ni ya kufikia. Mtu akishafika anapigia wapi hodi?"

Nikamwonyesha kitabu cha wageni, sehemu ya chini ambapo msomaji huandika jina na maoni yake.

"Hapo hapo," alisema. "Hapo niwekee pakubwa."

Kuchapa hadithi zake ishirini na mbili kulinichukua wiki sita. Kiswahili chake kilikuwa safi, sikugusa sana. Kitu kimoja tu nilikitoa. Chini ya hadithi ya mwisho, kwa wino wa bluu, palikuwa na neno moja lisilohusiana na hadithi.

"Mwalimu, hili halijaungana na chochote."

"Liache."

"Msomaji atadhani ni kosa la uchapaji."

Nilidhani atabisha.

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Nikalitoa.

Mwezi Mei tovuti ilikuwa hewani, na takataka zikaanza kumiminika kwenye kitabu cha wageni. Matangazo ya kamari, dawa za nguvu za kiume, maneno ya lugha nisizozijua. Nikaweka utaratibu: kila ujumbe upite kwangu kwanza. Usio na jina wala maoni, nafuta.

Ulikuwa utaratibu mzuri. Hata leo nikiutazama kama kazi, sioni kosa.

Mwalimu alikuja kila Alhamisi, siku ya gulio. Hakujua kutumia kompyuta. Nilimfungulia ukurasa, akausoma mwenyewe taratibu kama mgeni, kisha akauliza.

"Kuna aliyepiga hodi?"

"Wamepita wageni kumi na wawili. Hakuna aliyeandika la maana."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na hao kumi na wawili, mimi nimo?"

"Tisa ni wewe, mwalimu. Kila nikikufungulia, mashine inahesabu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe najitembelea mwenyewe! Si wataniita chizi Vuga nzima?"

Kisha akaisogelea kompyuta.

"Na wale watatu?"

"Siwajui. Wamepita tu."

"Haya," alisema. "Mtu anaweza kupita mara moja, akarudi."

Julai ilikuwa ya baridi kali. Kikohozi hakikumwacha. Agosti yote hakuja. Septemba nikaambiwa ni nimonia, na siku tatu baadaye nilikuwa Vuga, nimesimama na wanawake wengine huku wanaume wakilibeba jeneza.

Siku ya tisa nilifungua kitabu cha wageni.

*Shikamoo.*

Halina jina. Halina maoni. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitufe cha kufuta, kama zile mara nne za nyuma.

Lakini safari hii nilijiuliza: nani anamwamkia marehemu?

Nikaliruhusu lionekane. Chini yake nikaandika: *Mwalimu Idrisa amefariki. Wewe ni nani?*

Hakuna aliyejibu.

Jumatatu iliyofuata mwanamke aliingia ofisini akiwa na vumbi la safari miguuni. Hakuwa na mzigo zaidi ya mkoba.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba baba amefariki?"

Ndivyo alivyopata habari ya msiba. Kwa sentensi yangu ile.

Aliitwa Mwanahawa. Alikuwa binti pekee wa mwalimu. Mwaka 1996 aliondoka na Severin, kibarua wa mashamba ya chai ya Bulwa, Mkristo. Wakahamia Mwanza.

"Siku naondoka alisimama mlangoni. Akaniambia, ukivuka hapa, usiniamkie tena." Alisema bila kunitazama. "Miaka tisa sikumwamkia. Mwaka huu ofisini kwetu wameweka mtandao. Nikaandika jina lake, nimtafute tu. Likatokea."

"Kwa nini hukuandika zaidi? Hata jina lako?"

Alinitazama kama anayeulizwa na mtoto.

"Dada, mtu mzima hajaitikia shikamoo yako, hayo mengine utayaanzia wapi? Nilisema akiitikia tu, napanda basi siku hiyo hiyo."

"Pole."

"Pole yako sitaki. Nataka kujua. Alikuwa anaziona, ananyamaza?"

Ningeweza kusema mtandao ulikuwa mbovu. Angeamini, kila mtu Lushoto alijua mtandao ulivyokuwa.

"Hakuona hata moja," nilisema. "Nilizifuta mimi. Hazikuwa na jina."

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti kile kile alichokuwa akikalia baba yake, mkoba magotini. Nje makonda walikuwa wakiitana.

Hapo ndipo nilipolikumbuka daftari la nane.

Nililitoa kabatini, nikafungua ukurasa wa mwisho, nikamwekea mezani. Chini ya hadithi, kwa wino wa bluu, kwa mwandiko wake kama wa ubaoni:

*Marahaba.*

Aliweka kidole juu ya neno, akakiacha hapo.

"Aliandika lini?"

"Alilileta Machi."

"Mimi nilianza kumwamkia Mei."

"Najua," nilisema.

Neno hilo sasa lipo kwenye ukurasa, mahali alipotaka liwe. Nimelirudisha mwenyewe, mwalimu akiwa kaburini.

Wewe unayewatengenezea watu tovuti, nakuachia hili. Kabla hujamuuliza mtu anapenda rangi gani, muulize anamsubiri nani. Fomu yangu ina swali hilo siku hizi.

Ni la kwanza.