Godoro la Chumba cha Nyuma

Mwaka niliomaliza chuo kikuu nilirudi nyumbani, karibu na Nkubu, bila kazi. Nikajiunga na vijana wa kanisa waliokuwa wakiwakusanyia vitu wanafunzi wapya wasio na uwezo: ndoo, blanketi, neti, taa za kusomea, magodoro. Tulikuwa na kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: hatuchukui matandiko ya marehemu. Kwetu watu huyachoma. Mkutanoni niliuliza sababu. Sponji inajuaje nani aliilalia?

Mwenyekiti wetu, mwalimu wa shule ya msingi, alinitazama kwa huruma. "Chuo kimekuharibu wewe."

Ijumaa moja tulibakiwa na msichana mmoja wa Mitunguu ambaye hatukuwa tumempatia godoro. Alitakiwa kuripoti Jumatatu, na hosteli ya chuo chake ilitoa kitanda kitupu. Mama yake alifanya vibarua kwenye mashamba ya ndizi. Ndipo nikasikia kuna mama huko juu, kwenye mashamba ya chai, mwenye godoro jipya analotaka kulitoa. Nilijua pia kwamba alikuwa amemzika binti yake. Sikumwambia mwenyekiti.

Nilifika saa sita mchana. Mama alinipa chai kwanza, kisha akafungua chumba cha nyuma.

"Nilimnunulia aende nalo chuo," alisema. "Aliugua wiki ile ile. Hakuwahi kulilalia hata siku moja."

Lilikuwa bado kwenye nailoni yake, limelazwa juu ya kitanda. Lakini upande wa nje, mbali na ukuta, lilikuwa limebonyea. Niliweka mkono pale. Palikuwa na joto. Nikatafuta dirisha ili nilaumu jua. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa bati.

Sponji rahisi hubonyea yenyewe, nilijiambia. Nikalikunja, nikalifunga kamba. Mama alisimama mlangoni akitazama mbao za kitanda.

"Sasa atalala wapi?" aliuliza.

Nilidhani ananiuliza mimi. Lakini hakungoja jibu. Alianza kufagia.

Njia nzima ya kuteremkia Mitunguu nilibishana na nafsi yangu. Kama siamini, kwa nini nimfiche msichana? Na nikimwambia akalikataa, nitakuwa nimemnyima godoro kwa ajili ya kitu nisichokiamini. Nilimkuta anafua uani, sanduku lake la bati liko tayari mlangoni. Nikamwambia yote, isipokuwa lile joto.

Alikamua sketi, akaianika.

"Alikuwa aende kusomea nini?"

"Uuguzi."

"Kama mimi." Akacheka. "Bro, tangu darasa la sita nalala kwa magunia. Huyo akija, atasogea."

Jumatatu akaenda.

Mwezi ulipopita, mama wa huko juu alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi. "Siku hizi chumba kimetulia," alisema. "Nilikuwa nasikia mtu akijigeuza kila usiku. Huyo mtoto mliyempa analala vizuri?"

Nilimwambia nitauliza. Nilikuwa na maelezo tayari: huzuni, mbao kuukuu, panya kwenye dari. Nilimpigia msichana siku hiyo hiyo.

"Nalala poa sana," alisema. "Blanketi moja inatosha, na huku ni baridi. Wenzangu wanashangaa. Ila nimezoea kujibana huku ukutani."

"Kwa nini unajibana?"

"Si ndio nafasi iliyobaki?"

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza jambo la kawaida, kisha akaniaga, ana darasa. Upana wa godoro lile ninaujua, nililibeba mgongoni: futi mbili na nusu. Maisha yangu yote nimeuliza maswali. Hilo lililofuata sikuliuliza. Nilimpigia yule mama, nikamwambia wanalala vizuri.