Kazungu, Aliyetusikilizia Hotuba

Leo Jumatano. Ni miaka hamsini na moja tangu nitoke Kisauni kuja kupasua mbao huku Molo, na simu ya asubuhi imeniambia Kazungu wa Mtopanga amefariki. Bado haijaniingia.

Vijana mnaosoma ukurasa huu hamkumjua. Nitawaambia kidogo, vidole vyangu havina nguvu ya kuandika mengi.

Kabla ya uhuru tulikata mawe Mwakirunge, watu wanane. Redio ilikuwa moja, dukani, mwendo wa nusu saa. Siku ya hotuba ya viongozi wa kudai uhuru tulimtuma Kazungu, maana alikuwa na kichwa cha kushika maneno. Sisi saba tulimkatia mawe yake ili nyapara asiulize.

Alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, akapanda juu ya jiwe, akatutolea hotuba nzima bila karatasi. Hata pale mzungumzaji alipokohoa, naye alikohoa. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kofia aliivua tangu kule dukani, kwa heshima ya hotuba.

Wiki ya uhuru alirudi mbio. Alitueleza yaliyosemwa juu ya wananchi kurudishiwa ardhi, kisha akaongeza la kwake: "Na hapa petu pamo."

Kwetu hakukutajwa. Lakini tulimwamini, kwa sababu hakuwahi kutudanganya.

Mjue kwamba kule, mwenye shamba alikuacha ujenge kibanda na ulime mihogo. Mnazi hukuruhusiwa kupanda. Mti hukaa miaka, na mwenye mti huwa na neno juu ya ardhi. Basi tukapanda minazi. Mama yake Kazungu alipanda sita.

Msimamizi wa shamba alikuja na watu wake, wakaing'oa yote. Nyumba ya mama yake wakaibomoa iwe funzo kwa wengine.

Mama hakulia. Alimuuliza tu, "Mwanangu, hayo uliyasikia au uliyataka?"

Kazungu akavaa kofia yake.

Tangu siku hiyo, tukimtuma, alirudi na maneno ya redioni tu, hakuongeza hata moja. Kofia hakuivua tena. Tulimtania kwamba amekuwa redio isiyo na muziki. Alicheka kidogo, akashika tindo yake.

Miaka ikapita, televisheni ikafika ukumbini Kisauni. Rais akihutubia, Kazungu alikaa nyuma kabisa, akiitazama mikono ya rais. Nikamuuliza kasema nini.

"Kasema vizuri."

Mara iliyofuata hakuja.

Mwezi uliopita alinipigia video call. Rais alikuwa amehutubia kwenye TV habari za hatimiliki za ardhi, na mjukuu wake Dama, msichana wa miaka kumi na tisa, alipiga vigelegele akatoka kwenda kuwaambia majirani kwamba na wao watapewa.

"Karisa," Kazungu akaniita, "nilikuwa na neno la kumwambia. Nikalimeza. Nimefanya vibaya?"

Nikamwambia network ni mbaya, nitampigia. Sikumpigia.

Zamani kila barua niliimaliza kwa kumtajia mwezi nitakaorudi. Siku hizi sitaji. Hata mazishi sitawahi.

Kazungu, network haikuwa mbaya. Sikuwa na jibu. Leo ninalo: ulipaswa kumwambia mtoto. Na mimi ningelimeza neno hilo vilevile.

Lala, ndugu yangu, umechoka vya kutosha. Dama nitamwambia mimi habari ya ile minazi.