Siku Nilipoufungulia Mtambo Hewa

Nimezunguka Mlimba, Makambako hadi Tunduma, na kila nilipolala niliota Ifakara. Mwezi huu nikapata kibarua hapa nyumbani, kwenye chumba cha mitambo ya mtandao. Ili wanichukue, nilimwambia bosi kwamba kule Tunduma nilishika sana mitambo hii. Akaahidi kuniajiri moja kwa moja nikifanya vizuri. Nikajua kutangatanga kumekwisha.

Humo ndani kuna swichi kubwa, mtambo wa kugawa mtandao, ukubwa wa kabati zima. Kadi zake zimejaza nusu tu ya matundu. Matundu yaliyobaki yamezibwa kwa vibati, na feni za nyuma zinanguruma kutwa. Mimi niliusikia mtambo unahema. Marehemu baba, kule Katindiuka, alifungua kila dirisha la ghala ili mpunga usipate joto ukaoza. Basi nikavifungua vibati vyote, nikavipanga sakafuni kwa fahari, bwege mimi.

Mchana mtandao wa ofisi nzima ukazimika. Dada Oliva, fundi wetu, akaja mbio, bosi nyuma yake.

"Nani kafungua hivi vibati?"

"Mimi, dada. Mtambo ulikuwa unakosa pumzi."

"Kaka yangu! Feni zinavuta hewa ipite kwenye kadi. Sasa yote inapita kwenye matundu matupu. Kadi zimechemka, swichi imejizima!"

Bosi akanitazama kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. "Tunduma mlikuwa mnafanya hivi?"

Nikaokota kibati kimoja sakafuni.

"Tunduma," nikasema, "nilikuwa nashusha maboksi ya mitambo hii kwenye lori."